Dini haikumnyima mtalaka jasho lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi, na ambalo wiki chache zilizopita nililisikia tena barazani baada ya swala ya Ijumaa. Kijana mmoja alikuwa akiwaeleza wenzake habari ya dada yake, aliyeachwa baada ya ndoa ya miaka 19 na akaenda mahakamani kudai sehemu katika nyumba. Mzee aliyekaa karibu naye akamkatiza, akasema kwamba huko ni kuitaka dunia tu, kwa kuwa nyumba ya mume ni ya mume, na habari za kugawana mali ni sheria ya serikali, wala si sheria ya Mwenyezi Mungu. Waliokuwapo wakaitikia. Mimi sikuitikia, lakini pia sikusema kitu, na kule kunyamaza kwangu ndiko kunakonifanya niandike leo, kwa sababu maneno ya mzee yule nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mahakama.

Katika miaka ya tisini nilikuwa mshauri katika mahakama moja ya mwanzo mkoani Tanga. Kwa asiyejua, hakimu wa mahakama ya mwanzo wakati huo hakuamua peke yake. Alikaa na washauri wawili, wazee wa mahali pale, na uamuzi ulipatikana kwa wingi wa kura, hakimu akiwa na kura yake na kila mshauri akiwa na yake. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kikristo, mwalimu mstaafu. Mimi nadhani niliteuliwa kwa sababu nilikuwa nimekaa chuoni miaka mingi nikisoma dini, na watu walizoea kuniletea mirathi zao niwapigie mafungu.

Asubuhi moja aliingia mama wa makamo na mfuko wa rambo. Alitoa kwanza karatasi ya talaka, iliyochanwa kwenye daftari la hesabu lenye visanduku, mistari mitatu ya kalamu ya buluu na majina ya mashahidi wawili. Akatoa hati ya baraza la usuluhishi ya kuonyesha kwamba suluhu imeshindikana. Kisha akatoa kitu cha tatu, akakiweka juu ya meza ya karani: chuma cha vitumbua, chenye vishimo saba, cheusi tititi kwa moshi, na mkono mmoja uliokatika ukafungwa kwa waya. Hakimu akamwuliza hicho ni cha nini. Akajibu kwamba hicho ndicho kilichojenga nyumba.

Maelezo yake hayakuwa marefu. Kwa miaka 14 alikuwa akiloweka mchele usiku, akiamka saa tisa, akiukaanga unga na nazi mpaka alfajiri, na saa kumi na mbili yuko stendi na ndoo yake. Mumewe alikuwa na kazi ya mshahara katika shamba la mkonge. Fedha za vitumbua zilinunua unga, dagaa, mafuta ya taa, sare za watoto na madaftari. Mshahara wa mume ulinunua saruji na bati. Maji ya kufyatulia matofali aliyachota yeye kisimani, na alisema idadi ya ndoo kwa siku bila kusita, kama mtu asomaye mahali palipoandikwa. Mume hakuyakanusha hayo. Alichosema ni kwamba yeye hakumtuma, na kwamba risiti zote za saruji na bati zina jina lake, naye akazionyesha. Hakimu akamgeukia mama na kumwuliza kama ana risiti yoyote. Akajibu kwa upole, "Mheshimiwa, nani ameuza vitumbua kwa risiti?"

Chuma kile hakikupokewa kuwa kielelezo. Tulipoingia ndani kushauriana, mwenzangu alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, kwamba ujira uliozuiwa na mwenye shamba unalia mpaka masikioni mwa Mungu, na kwamba yeye anampa mama huyu sehemu. Mimi nikasema kwamba hii ni ndoa ya Kiislamu, kwamba katika Uislamu mali za mume na mke hazichanganyiki, na kwamba mke akishalipwa mahari yake na akapewa masurufu ya eda, yaani matumizi ya muda wa kungoja baada ya talaka, hana dai jingine. Nilidhani naihami sheria ya Mungu isichafuliwe na sheria ya Bunge. Hakimu akakubaliana nami, kura zikawa mbili kwa moja. Mama alipewa vyombo vyake vya jikoni na kitanda. Siku 30 za kukata rufaa zikapita bila yeye kurudi.

Mhariri, kosa langu halikuwa la kuchagua dini nikaiacha sheria. Kosa langu lilikuwa kwamba dini yenyewe niliichukua nusu.

Nianze na sheria, maana hapo ujinga wetu ulikuwa na sababu yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 114 kwamba mahakama inapotoa talaka inaweza kuamuru kugawanywa kwa mali iliyochumwa na wanandoa kwa nguvu zao za pamoja, ikitazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, mila za jamii yao, madeni yaliyokopwa kwa manufaa yao na mahitaji ya watoto wadogo. Neno "kazi" limo humo waziwazi. Kwa miaka kadhaa mahakama zilivutana juu ya jambo moja: je, kupika, kufua na kulea ni kazi kwa maana ya kifungu hicho, au ni wajibu tu wa mke unaokwenda na ndoa? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikata mzozo huo, ikasema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Ndoa ile ilikuwa ya Kiislamu. Na ni vema ikumbukwe kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na nyumba: mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za shughuli ya kuifaa familia naye akazitumia vibaya, ikahesabu kwamba fungu lake amekwisha kulipata. Walioneemeka na hukumu ile ni wanawake waliokuja nyuma yake.

Hukumu hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi siku tulipokaa kwenye shauri la mama wa vitumbua, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeitaja. Sisi tuliendesha mashauri kwa Kiswahili, na hukumu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza katika vitabu ambavyo havikufika kwetu. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa aliyekaa mahakama ya mwanzo kama mimi hilo si jambo dogo hata kidogo. Haki iliyoandikwa katika lugha asiyoisoma mwamuzi ni kama dawa iliyofungiwa kabatini, na ufunguo uko mjini.

Lakini tuseme ningeijua hukumu ile. Nina hakika ningejibu kwamba hiyo ni hukumu ya serikali, na kwamba mimi nasimama na sharia, yaani sheria ya dini. Kwa hiyo jambo lenyewe hasa ni hili la sharia, na hapa naomba uvumilivu wa wasomaji.

Madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Kilwa, ni ya Imamu Shafi. Nilipostaafu nilirudi kwenye vitabu nilivyovisoma ujanani, safari hii bila haraka, na nikakuta jambo ambalo nililipita nikiwa kijana kwa sababu hakuna aliyenisimamisha hapo. Mafakihi wa Kishafi, yaani wanazuoni wa sharia, wanasema kwamba kupika, kufua, kufagia na kusaga si wajibu wa kisheria wa mke. Nikahi haikuwekwa kwa ajili ya utumishi. Chakula, mavazi na makazi ni juu ya mume, na ikiwa mke ametoka kwenye nyumba ambayo watu wa namna yake huwa na mtumishi, mume anawajibika kumpatia mtumishi. Wapo wanazuoni wa upande mwingine, wanaosema kwamba mke hufanya kazi za nyumba kwa kadiri ya desturi ya watu wake, na wanatoa dalili kwa habari za Bi Fatuma, binti wa Mtume, na jiwe lake la kusagia, nao siwapuuzi. Ila sisi tunaojiita Mashafi hatuwezi kumwambia mtalaka kwamba miaka 14 ya kuamka saa tisa usiku ilikuwa wajibu wake wa kidini. Hayo ni maneno ya mila, tena mila yenyewe inayokumbuka upande mmoja tu, maana wazee haohao ndio waliosema mke ni nguo, mgomba kupalilia.

Kuna kubwa zaidi ya hilo. Kwa Mashafi, masurufu ya mke ambayo mume hakuyatoa, na mke hakuwa mwasi, hayafutiki kwa kupita siku. Yanabaki kuwa deni shingoni mwa mume, hata bila hukumu ya kadhi. Turudi sasa kwa mama yetu. Unga, dagaa na mafuta ya taa vilivyonunuliwa kwa vitumbua vilikuwa juu ya nani? Vilikuwa juu ya mume. Mshahara wake uliweza kugeuka saruji kwa sababu wajibu wake ulikuwa unatekelezwa na mtu mwingine, gizani, mbele ya jiko la kuni. Kama ningeifuata ile sharia niliyodai kuihami, swali la kwanza kumwuliza mume lingekuwa: katika miaka hii 14, masurufu ya mkeo uliyatoa wapi? Sikuuliza. Nilichukua katika sharia hukumu ya kutenganisha mali, ambayo ilimfaa mume, nikaiacha hukumu ya masurufu ambayo ndiyo jiwe linaloishikilia ile ya kwanza. Mwenyezi Mungu aliweka mali za wanandoa mbalimbali akimtwika mume matumizi yote ya nyumba. Ukiondoa mzigo ukabakiza utengano, hicho ulichokishika mkononi si sharia tena.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nimelipewa na shehe ninayemheshimu. Aliniambia kwamba mke aliyefanya kazi bila mapatano ya ujira amejitolea, na aliyejitolea ana thawabu kwa Mola wake lakini hana dai kwa mwanadamu. Jibu hilo si la kubeza, na kwa dhahiri ya vitabu vyetu lina nguvu. Lakini mafakihi wenyewe wana kanuni mashuhuri kwamba ada huamua pale ambapo watu hawakusema, na swali ni ada yetu inasema nini. Mwanamke wa kwetu anapochota maji ya matofali hasemi, "Nampa huyu bwana sadaka." Husema, "Tunajenga." Watu wanaosema "tunajenga" kwa miaka 14 wamefanya shirika, hata kama hawajui kuliita hivyo, na mali ya shirika haiwi ya mtu mmoja kwa sababu jina lake ndilo lililo kwenye risiti.

Wala wazo hili halikuzaliwa katika ofisi za wanasheria wa leo. Katika milima ya kaskazini mwa Morocco, katika karne ya 16, kadhi wa mji wa Chefchaouen aliyeitwa Ahmad Ibn Ardun aliulizwa juu ya wanawake wa mashambani wanaolima, kuvuna na kubeba mazao pamoja na waume zao. Alitoa fatwa kwamba wana sehemu katika mazao hayo kwa sababu ya jasho lao, mbali kabisa na mirathi. Mafakihi wa huko waliita haki hiyo kwa maneno yenye maana ya bidii na mahangaiko, na wakaitegemeza juu ya habari inayosimuliwa ya Khalifa Sayyidna Umar na mwanamke aitwaye Habiba, fundi wa kutarizi nguo, ambaye mumewe alifanya biashara kwa kazi ya mikono yake mpaka wakapata mali. Mume alipofariki warithi waliishika mali yote. Umar akaigawa mara mbili, akampa Habiba nusu kwa kazi yake, kisha akamrithisha fungu lake katika nusu ya marehemu. Mtu anaweza kulijadili andiko hilo na nguvu za upokezi wake. Hawezi kusema kwamba ni uzushi wa Bunge la Dodoma.

Na Kurani yenyewe haikulifumbia macho jambo la kazi ya mwanamke. Katika Suratun Nisaa, aya ya 32, imetajwa kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Katika Suratut Talaq, aya ya 6, mama aliyeachwa akimnyonyesha mtoto wa mtalaka wake, baba ameamrishwa ampe ujira wake. Nimekaa na aya hiyo muda mrefu. Ikiwa maziwa ya mama kwa mtoto wake mwenyewe yamewekewa ujira baada ya talaka, sisi tumepata wapi ujasiri wa kusema kwamba kazi ya mikono ya mwanamke haina thamani inayohesabika? Kisha kuna kitoka nyumba, kile cha kumliwaza mtalaka ambacho Suratul Baqara, aya ya 241, imekitaja kuwa ni haki juu ya wacha Mungu, na ambacho siku hizi nakiona kimekuwa kanga jozi moja, au hakitolewi kabisa. Naandika haya kama Mwislamu anayewaambia Waislamu wenzake. Yale maneno ya mwalimu mstaafu siku ile, juu ya ujira unaolia, yana ndugu yake katika hadithi inayotuamuru tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na mimi hadithi hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu nikiwa mtoto. Yeye alilikumbuka la kitabu chake. Mimi nililisahau la kwetu.

Nisieleweke kwamba mahakama za serikali hazina la kujibu. Zina, na ni lilelile la risiti. Sheria inayosema kwamba kazi ni mchango, kisha ikadai ushahidi wa namna ambayo kazi hiyo haiwezi kuuacha, imetoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa wa kushoto. Kenya imeandika vizuri zaidi yetu: sheria yao ya mali za wanandoa ya mwaka 2013 inataja moja kwa moja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kusimamia biashara ya familia na kazi za shambani kuwa ni mchango. Hata hivyo, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa katika katiba hauleti nusu kwa nusu wenyewe, bali kila mmoja lazima athibitishe alichochangia. Sheria hiyohiyo inamruhusu Mwislamu ahukumiwe kwa sharia katika mali ya ndoa, na hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwamba mume atakimbilia sharia kama mtu akimbiliaye kivuli, akitegemea kwamba wa kuisoma kamili hayupo. Zanzibar, ambako Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 haifiki, ilitunga sheria mpya ya mahakama za kadhi mwaka 2017, ikamfungulia kadhi mlango wa kusikiliza dai la mali iliyochumwa palipo na mchango. Naona hiyo ni hatua ya heshima, kwa sababu imemweka kadhi, na si hakimu peke yake, mahali pa kulijibu swali hili kwa lugha ya dini.

Na kuna upande wa pili ambao wanaharakati wengi wa haki za wanawake, watu ninaowapenda na kazi yao naithamini, huupita haraka mno. Utengano wa mali katika Uislamu ni ngao ya mwanamke. Namjua mama mmoja wa sokoni aliyejenga nyumba ya vyumba vinne kwa mkopo wa vikoba na faida ya mitumba, wakati mumewe akishinda kwenye bao. Ndoa ilipovunjika, mume alidai nusu, akisema kwamba nyumba ilijengwa ndani ya ndoa. Sharia inamjibu mara moja: mali ya mke ni yake, mume hana njia kwayo isipokuwa kwa ridhaa ya nafsi yake, na zaidi ya hayo mume bado anadaiwa masurufu. Sheria ya Ndoa nayo, katika kifungu cha 58, inasema kwamba ndoa haibadili umiliki wa mali ya mtu. Kwa hiyo pale dini na sheria wanaposemwa kwamba wanagombana, mara nyingi nawakuta wamekaa mkeka mmoja, na anayegombana nao ni yule anayetaka kuchukua asichokitolea jasho. Gawio la nusu kwa nusu bila kuuliza nani alifanya nini lingemdhulumu mama huyu wa sokoni kama vile kura yangu ilivyomdhulumu mama wa vitumbua.

Ninachokiomba ni kidogo na hakihitaji muswada. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana madeni, na inasema tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Tunaandika mahari kwenye cheti cha ndoa kwa hati nzuri, tunaandika hata sehemu iliyoahirishwa. Kwa nini tusiandike na mali? Morocco walipofanya marekebisho ya sheria yao ya familia mwaka 2004 waliweka jambo hili kwa busara: mali ya kila mmoja inabaki yake, lakini waandishi wa ndoa wanatakiwa kuwaeleza maarusi kwamba wanaweza kupatana, katika hati ya peke yake, namna ya kuendesha mali watakayoichuma pamoja, na kama hawakupatana, hakimu huangalia kazi na bidii ya kila mmoja. Mashehe wanaofungisha ndoa kwetu wanaweza kufanya hivyo kuanzia Ijumaa ijayo. Wawaulize maarusi wana nini wanapoingia, kila mmoja peke yake. Wawaambie kwamba siku watakaponunua kiwanja, waandike wananunua kama nani. Na talaka ikitamkwa, Mungu apishe mbali, shehe au baraza lisigonge muhuri kwenye karatasi ile kabla halijaona karatasi nyingine yenye hesabu: mahari iliyobaki, masurufu yaliyosimama, eda, kitoka nyumba, na walichokuwa wakikijenga pamoja. Mume aliyeuliza sharia inampa ruhusa gani ya kuacha, aulize pia inamdai nini.

Wahusika wa mahakama nao nawaomba jambo moja: hukumu kama ile ya 1983 zitafsiriwe kwa Kiswahili chepesi, zibandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama za mwanzo na ofisi za kata, mahali ambapo mama mwenye mfuko wa rambo hupita kwanza.

Mwezi uliopita tulimwoza mjukuu wangu. Kabla ya khutuba ya nikahi nilimwomba shehe ruhusa, tukakaa pembeni na maarusi, baba wa bwana arusi na mashahidi wawili. Tukaandika kwenye ukurasa mmoja: cherehani mbili na akiba ya binti, vya kwake, kiwanja cha kijana, cha kwake, nyumba watakayojenga juu ya kiwanja hicho, ya wote wawili, kwa fedha na kwa kazi, kazi ya nyumbani ikiwamo. Baba wa kijana alisita kidogo kwenye neno "kazi ya nyumbani", akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, kisha akaichukua kalamu, akatia saini.

Wako,
Mshauri mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo,
Tanga.